Furu mia tano, ziwa moja: spishi mpya hutokeaje?

Kila baada ya muda redio hutangaza kwamba watafiti wamegundua spishi mpya ya chura, kinyonga au mmea katika milima ya Tanzania, na kijiweni mjadala huanza kabla kahawa haijapoa. "Kwani siku zote alikuwa wapi?" huuliza mmoja. Wa pili husema wanakijiji wa kule wanamjua chura huyo tangu enzi za mababu, ni wataalamu tu waliochelewa kufika. Wa tatu hakosekani. Huyu husogeza kiti na kuleta swali lake la miaka yote: kama binadamu alitokana na nyani, mbona nyani bado wapo?

Yule wa pili ana haki kabisa. "Mpya" ya kwenye habari ni mpya kwenye daftari la sayansi. Kule Milima ya Ukaguru, mkoani Morogoro, yuko chura wa mtini aliyeandikwa rasmi mwaka 2002 akapewa jina la kisayansi Churamiti maridadi. Jina lote ni Kiswahili, na mwenye jina alikuwa akiishi kwenye ukungu wa milima ile muda mrefu kabla hajatokea mtu wa kumwandika. Huko ni kugundua. Kutokea kwa spishi ni habari nyingine: ni kundi moja la viumbe kugawanyika hadi likawa makundi mawili yasiyochanganyika tena. Hili la pili ndilo linalotatiza watu, na mahali pazuri pa kulielewa hapako mbali. Ni Ziwa Victoria, kwa samaki ambaye wavuvi wengi humwona wa chambo tu: furu.

Kwanza tukubaliane maneno, maana nusu ya ubishi wa kijiweni unatokana na neno "aina". Tunasema aina za ng'ombe, tukimaanisha Ankole mwenye mapembe makubwa na Friesian wa maziwa. Tunasema pia aina za wanyama, tukimaanisha simba na chui. Hizo ni aina mbili zisizolingana. Mpandishe Ankole kwa Friesian utapata ndama, na ndama huyo atakua azae kama kawaida. Wote ni spishi moja, tofauti zao ni kazi ya wafugaji. Punda na farasi nao hupandana, na mtoto wao ni baghala, mnyama hodari wa mizigo, ila karibu kila mara ni tasa. Damu za punda na farasi hukutana kwa baghala zikaishia hapohapo. Kwa kipimo cha kawaida, basi, spishi ni kundi la viumbe ambao katika maisha yao ya kila siku huzaana wenyewe kwa wenyewe, na watoto wao nao huzaa. Kipimo hiki kina mwanya wake, na tutaufikia.

Jibu lililomo katika lugha yetu

Ukitaka kuona jinsi kitu kimoja kinavyogeuka viwili bila mtu kushtuka, kisikilize Kiswahili chenyewe. Wataalamu wa lugha hukiweka katika ukoo uitwao Sabaki, pamoja na lugha za Mijikenda kama Kigiriama na Kidigo, pamoja na Kipokomo, na pamoja na lugha za Visiwa vya Komoro. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita lugha hizo zote zilikuwa moja. Watu wakatawanyika: wengine wakaushika mto Tana, wengine wakabaki ufukweni, wengine wakavuka bahari hadi Ngazija. Kila kundi likaendelea kuongea, na kila kizazi kikageuza kidogo, sauti hapa, neno pale. Haikupata kutokea siku mama akazaa mtoto wasielewane. Lakini leo Mpokomo na Mngazija wakikutana, kila mmoja ashike lugha ya nyumbani kwao, watatambua neno hili na lile na mengi yatawapita.

Hapo swali la nyani limeshajibika. Kiswahili hakikuzaliwa na Kigiriama; ni ndugu, na mama yao haongei tena. Vivyo hivyo hakuna mwanasayansi asemaye kwamba babu zetu walikuwa nyani hawahawa wanaoiba mahindi shambani. Wanachosema ni kwamba sisi na wao tuna mababu wa pamoja walioishi zamani sana. Ndugu yetu wa karibu zaidi ni sokwe mtu, ambaye njia yake na yetu ziliachana miaka kama milioni 6 au 7 iliyopita. Kuuliza mbona nyani bado wapo ni sawa na kuuliza mbona Kigiriama bado kinasemwa ilhali Kiswahili kipo.

Ila mfano wa lugha una kikomo. Lugha haifi kwa sababu ya lafudhi mbaya. Kiumbe aliyeumbika vibaya kwa mahali alipo hufa kabla hajazaa, na hapo ndipo unapoingia uteuzi asilia.

Mtazame mama anayepepeta mchele. Ungo hautengenezi punje hata moja. Punje, pumba na wishwa vilikuwa vimeshachanganyika tangu kinuni. Ungo unavitenganisha tu. Mazingira nayo hayamgeuzi kiumbe. Yanawakuta viumbe wakiwa tayari wanatofautiana, kila mmoja na alichorithi, na wengine wanapeperuka.

Wanaokumbuka klorokwini, uchungu wake na ile miwasho ya mwili mzima, wameshuhudia ungo huu ukifanya kazi. Tulikuwa tukisema vimelea vya malaria "vimeizoea dawa". Hakuna kimelea kilichozoea chochote. Vilivyo vingi vilikufa, na vichache vilivyokuwa na hitilafu ndogo katika vinasaba, hitilafu iliyoviwezesha kuitoa dawa nje ya pale ilipotakiwa kufanya kazi, vilibaki na kuzaana hadi vikawa ndio wengi. Mwaka 2001 Tanzania ikaacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria. Kisa cha Malawi kinafundisha zaidi. Wao waliiacha mapema, mwaka 1993, na kabla muongo haujatimia vimelea sugu vilikuwa vimetoweka na vile vinavyouawa na klorokwini vimerudi. Bila dawa, ile hitilafu ikawa mzigo. Kwa hiyo msemo kwamba "mwenye nguvu ndiye anayebaki" unapotosha. Anayebaki ni anayefaa mahali pale, kwa wakati ule, na kesho ungo unaweza kugeuzwa.

Ukuta

Uteuzi peke yake hubadilisha kundi, haulazimiki kuligawa. Maadamu wote wanaendelea kuoana, tofauti inayozuka upande huu itasambaa hadi upande ule, kama sukari kwenye chai. Ili kundi ligawanyike lazima kuwe na kitu kinachozuia kukoroga. Hicho ndicho kinaitwa utengano.

Utengano ulio rahisi kuuona ni wa maji. Unguja ilikuwa sehemu ya bara katika enzi ya barafu, bahari ilipokuwa chini sana, na ilikatika bahari ilipopanda, jambo la majuzi kwa hesabu za dunia. Pemba imezungukwa na mkondo wenye kina kirefu, na imekaa peke yake kwa muda mrefu zaidi. Matokeo yapo mitini: Pemba ina ninga wake, chozi wake, kinengenenge wake na bundi mdogo wake, ndege wanne ambao huwapati popote pengine duniani. Unguja, yenye misitu yake na kima punju wake maarufu, haina utajiri wa namna hiyo wa ndege.

Mto nao unatosha, ikiwa huwezi kuogelea. Kaskazini ya Mto Kongo wanaishi sokwe watu. Kusini yake wanaishi bonobo, wembamba kidogo, ambao majike ndio wenye sauti katika kundi. Mababu zao walikuwa wamoja hadi miaka kama milioni moja au mbili iliyopita. Wakongomani wanaovuka mto ule kwa pirogi wanavuka mpaka wa spishi mbili.

Na mlima ni kisiwa. Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita nchini Kenya, kupitia Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru hadi Udzungwa, inanasa unyevu wa Bahari ya Hindi na kuvaa misitu ya ukungu. Katikati yake ni nyika kavu. Sisi tunaikata nyika hiyo kwa basi tukiwa tumesinzia, lakini kwa chura ambaye ngozi yake haivumilii jua, tambarare ile ni bahari isiyo na chombo. Ndiyo maana kila mlima una vyura na vinyonga vyake. Wa Kihansi, kule Udzungwa, alikuwa na eneo dogo mno: chura mdogo wa manjano, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya korongo moja tu. Aligunduliwa mwaka 1996. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme manyunyu yakapungua, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Aliyebaki alikuwa yule aliyekuwa akitunzwa Marekani.

Ndani ya kundi dogo lililotengwa bahati nayo hufanya kazi. Chota konzi moja kutoka gunia la maharage mchanganyiko. Huenda ukapata mekundu matupu, au ukakosa ya njano kabisa, wala si kwa sababu mekundu ni bora. Ndege kumi waliosukumwa na dhoruba hadi kisiwani ni konzi ya maharage. Wataanza maisha wakiwa tayari hawafanani sawasawa na gunia walikotoka, kisha ungo wa kisiwa utaanza kuwapepeta kwa namna yake.

Yote hayo yanaeleweka. Maji, mto, mlima, kila mtu anauona ukuta. Sasa njoo ziwani, ambako ukuta hauonekani.

Furu

Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake hakizidi mita 80 na kidogo. Kwa ziwa kubwa namna hiyo, hilo ni sinia. Watafiti walipotoboa tope la sakafuni walikuta tabaka la udongo mkavu: ziwa lilikuwa limekauka, na maji yakarudi miaka kama 15,000 iliyopita. Ndani ya muda huo, ambao kwa mambo haya ni kufumba na kufumbua, kulikuwa na spishi za furu zipatazo 500, karibu zote zisizopatikana nje ya eneo hilo la ziwa.

Wapo wanaopasua konokono, wanaokwangua mwani kwenye mawe, wanaokula wadudu, wanaochuja vijidudu vya majini. Wapo wanaonyofoa magamba ya samaki wenzao. Wapo hata wanaopora mayai na vifaranga kutoka kinywani mwa mama, kwa maana furu jike hubeba watoto wake mdomoni. Siri mojawapo iko kooni: furu ana taya la pili, dogo, nyuma ya kinywa. Taya la kooni likifanya kazi ya kusaga, lile la mbele liko huru kugeuka chombo chochote, koleo, patasi au chujio.

Lakini miaka 15,000 haitoshi kusubiri hitilafu moja moja izuke kwenye vinasaba. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulieleza kasi hiyo ilitoka wapi: mababu wa furu hawa walikuwa chotara wa koo mbili zilizotengana zamani, mmoja wa upande wa Kongo na mwingine wa upande wa mito ya Nile ya juu. Wacheza karata wataelewa. Ukiwa na pakiti moja, mikono inayowezekana ina mwisho. Changanya pakiti mbili za michoro tofauti, kisha gawa upya, utapata mikono ambayo hakuna aliyewahi kuishika. Maji yaliporudi, yalikuta karata zimeshapigwa.

Bado swali kubwa: ziwa ni moja, ukuta uko wapi? Sehemu ya jibu ni mawe. Furu wa miambani huogopa eneo la mchanga, na kisiwa kimoja kinaweza kutengana na kingine kwa sababu hiyo tu. Sehemu nyingine, na mimi hii ndiyo inayonishangaza kuliko zote, ni mwanga.

Karibu na Mwanza wanaishi furu wawili ndugu. Mmoja anaitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano. Mwenzake ni Pundamilia pundamilia (ndiyo, samaki, hata wanasayansi huishiwa majina), na dume lake ni la buluu-kijivu. Majike ya pande zote mbili yamepauka, hata mtaalamu hupata taabu kuyatofautisha. Maji ya ziwa hili yana chembe nyingi zinazokamata mwanga wa buluu kwanza, kwa hiyo kadiri unavyozama ndivyo mwanga unavyobaki wa njano na mwekundu. Wa buluu wanaishi juu, wekundu wanaishi chini kidogo. Macho nayo yamefuata: furu wa chini wana aina ya kipokezi cha mwanga kinachoona vizuri zaidi wekundu.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya jike la chini. Jicho lako linaona wekundu kuliko rangi nyingine zote, kwa hiyo dume jekundu ndilo linalong'aa, na ndilo unalolifuata. Dume la buluu lililopotea likashuka huku kwako ni kivuli tu. Mwanga umelipepeta jicho, jicho limelichagua dume, na mabinti wako watarithi jicho lilelile na vijana wako rangi ileile. Hapana haja ya mlima. Umbali wa mita chache kwenda chini umefanya kazi ya Mkondo wa Pemba.

Wanaoamini kwamba mageuko hayo ni mambo ya mamilioni ya miaka tu, yasiyoweza kuonekana na mtu akiwa hai, wasikilize kilichofuata. Sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na baadaye, na katika miaka ya 1980 aliongezeka kupita kiasi. Furu, ambao katika miaka ya 1970 walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wote ziwani, waliporomoka hadi chini ya asilimia moja. Spishi nyingi hazijaonekana tena. Chache zilizorudi miaka ya 1990 zilirudi na maumbile mengine: kuna furu wa Ghuba ya Mwanza aliyeonekana na matamvua ya kupumulia makubwa kuliko ya babu zake wa miaka ishirini nyuma, jambo linalofaa kwenye maji yaliyopungukiwa hewa. Huenda sehemu ya mabadiliko hayo ni malezi na si urithi, kama mtoto anayekulia mlimani anavyokuwa na pumzi. Hata hivyo, ungo ulipita.

Na sasa ule mwanya niliouahidi. Wekundu na wa buluu wakiwekwa pamoja kwenye tangi la maabara, chini ya mwanga wa kawaida, kila jike hufuata dume la rangi yake. Watafiti wakabadilisha taa, wakaweka mwanga wa rangi ya chungwa unaofanya madume yote yaonekane sawa. Majike yakaacha kuchagua, yakapandwa na yeyote, na watoto chotara hawakuwa kama baghala: walikua wakazaa. Kwa kile kipimo chetu cha mwanzo, je, hizi ni spishi mbili au moja? Wataalamu wengi husema mbili, kwa sababu majini, kwenye mwanga wao, wanabaki wawili. Ni spishi ambazo ukuta wao ni jicho.

Ukuta wa namna hiyo haudumu kama Mto Kongo. Mbolea za mashambani, maji machafu ya miji na udongo unaomomonyoka kutoka milima iliyokatwa miti vimelisha mwani, na ziwa limekuwa tope kuliko lilivyokuwa miaka mia moja iliyopita. Kwenye kisiwa cha Makobe, Ghuba ya Speke, ambako maji ni maangavu, bado unaweza kushusha wavu ukatenganisha kwa urahisi wekundu kushoto, wa buluu kulia. Ingia ndani ya Ghuba ya Mwanza, uendelee kusini hadi Luanso, mahali ambapo ukitumbukiza mkono huoni vidole. Hapo mawe ni yaleyale na furu ni walewale, ila madume utakayotoa yana rangi za katikati, si jekundu wala buluu, na hakuna mahali pa kuchora mstari.